Kufuli kwenye Mfereji wa Wangechi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa mke mpya bado katika boma la mume wangu Gichuki, huku mlimani juu ya kitongoji cha Skuta. Nilifungua mfereji wa uani nikapata maji membamba kama uzi wa kushonea kifungo. Jana yake yalikuwa yakiruka mpaka yananilowesha miguu. Nikafungua hadi mwisho. Uzi ni ule ule. Nepi za Wambui wangu zilikuwa kwenye karai, ng'ombe alikuwa analia kiu, na mwili wenyewe, mwanangu, ulikuwa umechoka kwa kunyonyesha na kuchuma kahawa. Mtu aliyechoka hutafuta wa kulaumu kabla hajatafuta mahali pa kuketi.

Maji yale hatukuletewa na mtu. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, miaka ya harambee, na mitaro tuliichimba sisi wanawake, kila mmoja na kipande chake: Njeri wa Mathenge, Muthoni mwenye pengo, Wanjiru aliyekuwa akitutangulia kwa nyimbo, Wangechi, na mimi. Tukalaza paipu nyeusi za plastiki kutoka kwenye tangi la juu. Sisi husema kikundi kidogo ndicho huinua kinu. Wangechi alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa juu ya langu, paipu ikipita kwake kabla ya kufika kwangu. Mimba ilipokuwa imenilemea, alimaliza kipande chake akaja akanichimbia na changu.

Asubuhi ile sikulikumbuka hilo. Nilikumbuka kabeji zake, kwa maana zilikuwa zimenona katikati ya ukame, na kamati ya maji ilikuwa imekataza mtu kumwagilia shamba kwa maji ya mfereji. Nikapanda kwake na karai langu.

"Mama Kariuki! Kumbe kabeji zako ndizo zinakunywa, na mtoto wangu akae na nepi chafu?"

Alikuwa akimlisha uji mama mkwe wake, mgonjwa asiyeinuka kitandani. Akatoka na kijiko mkononi.

"Mama Wambui, hizo nazipa maji ya kuoshea vyombo. Ingia uone ndoo."

"Nione nini? Ati kabeji inanona na maji ya vyombo! Basi hapa kwako mnapika mbolea."

Njeri na Muthoni, waliokuwa wakipita na kuni, walicheka. Kicheko kile kikanipa nguvu ya ujinga. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilisimama mbele ya kamati nikasema nimemwona Wangechi kwa macho yangu akifungulia maji shambani. Sikuwa nimemwona. Nilisema tu, na kwa kuwa mimi nilikuwa mke wa mtu na yeye hakuwa na wa kumsemea, kamati ikafunga mfereji wake kwa mnyororo na kufuli.

Na maji yangu? Hayakuongezeka hata tone. Hapo ningejiuliza. Sikujiuliza.

Kwa wiki mbili Wangechi aliteremka mtoni na debe mgongoni, mkanda wa ngozi ukimkata kwenye paji la uso. Mgonjwa wa kitandani huoshwa na kufuliwa kila siku, kwa hiyo alikwenda mara tano, mara sita. Alipita mbele ya lango langu akipanda, akihema. Mimi nilikuwa naangalia pembeni.

Kisha akaja nyanyake Gichuki, Cucu Nyaguthii, kutoka Karatina. Alizunguka shamba polepole, akasimama mahali nilipokuwa nimepanda nduma, yaani magimbi.

"Muhiki," akaniita, kama wazee wanavyomwita bibi-arusi, "nduma ni mtoto wa bonde. Hapa mtelemkoni, kiangazi hiki, inakunywa wapi?"

Nikajibu kwa majivuno, "Cucu, hapo pametoka chemchemi. Ni baraka."

"Ilitoka lini?"

Nikahesabu siku kwa vidole. Ilikuwa imetoka wiki ile ile maji yalipopungua.

Hakuniuliza tena. Alichukua jembe, mzee yule, akang'oa nduma zangu na kuchimba. Paipu ilikuwa na tundu la kuingia kidole. Nikalijua mara moja. Nilikuwa nimepigilia hapo kigingi cha chuma cha kumfungia ng'ombe, kwa sababu udongo ulikuwa laini. Ulikuwa laini kwa kuwa ndipo mtaro ulipopita! Nilipokihamisha kigingi, maji yakapata njia.

"Nyani haoni kundule," akasema Cucu. "Wewe umepanda chakula juu ya kosa lako, halafu ukamwambia Mungu asante. Sasa amua. Ukirudisha udongo, ni mimi na wewe tu tunaojua."

Mwanangu, sitakudanganya uzeeni. Nilitamani kuurudisha. Nilikuwa nimeshika jembe tayari. Ndipo nikamsikia Wangechi akikohoa njiani na debe lake, nikaliweka jembe chini.

Gichuki alifunga tundu lile kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na jioni ile mfereji ukaruka kama zamani. Jumapili nikasimama tena mahali pale pale nikasema kwamba nilisema uongo. Kufuli likatolewa. Nikavua kilemba changu cha kichwani, nikamwendea Wangechi nacho mkononi kumwomba msamaha.

"Nimekusamehe," akasema bila kuketi. "Siwezi kubeba debe halafu nikubebe na wewe."

Lakini hakuufungua mfereji ule tena. Aliendelea kuteremka mtoni mpaka mama mkwe wake alipofariki, na mwanawe Kariuki akaja kumchukua waende Nanyuki. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimezeeka, na hilo bado linanichosha kuliko jembe.

Basi, siku maji yakikosa nguvu kwako, funga kwanza mifereji yako yote uende ukatazame mita. Ikizunguka, maji yanapotelea kwako. Tembea kwa miguu juu ya njia ya paipu, utafute tope na majani mabichi pasipostahili. Safisha mdomo wa mfereji, maana mchanga huziba. Ukikosa kitu, ndipo umwulize jirani, "Kwako yanakujaje?" kwa sauti ile unayoombea chumvi. Na kamati ikikutana, usiape kwa ulichokisia tu.

Nageukia mlima, kama wazee wetu walivyoomba, nikikuombea. Mungu akupe kiu ndogo na kisima kikubwa. Aliye juu yako asikunyime, aliye chini yako asikulilie. Na mdomo wako uwe mzito siku ya hasira. Thaai, amani iwe nawe.