Ndege ya Baba na Mchimbaji wa Kabula

Mpaka leo nikisikia harufu ya samli namkumbuka baba akiipaka ndege. Ndege ya mti, msishangae. Ile ya kweli aliiona ikitua kwenye kiwanja cha ndege cha Ibadakuli akiwa njiani kupeleka ng'ombe mnadani, ng'ombe wawili wakakimbia, mmoja hatukumpata tena, lakini hiyo ni habari nyingine. Alirudi akiiwaza ndege tu. Siku hizo, baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma vilicheza uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watu walihamia penye kitu kipya. Baba ndiye alikuwa manju wetu, yaani kiongozi wa ngoma. Mwaka uliotangulia wenzetu walileta chatu, sisi tukabaki tunatazamwa na mama zetu na mbwa. Babu akasema baba akishindwa tena, ngoma zinahamia kwa mdogo wake.

Basi baba akachonga ndege ya kuvaa kichwani, mabawa yakipepea kwa kamba za ngozi. Babu alipoiona akachukua shoka, akalikata bawa moja.

"Babu zako walipanda dege?" akamuuliza.

"Hawakupanda, baba. Lakini hata chatu kuna aliyeanza kumchezesha, naye nadhani alitukanwa."

Baba alilifunga lile bawa kwa ngozi ya ng'ombe, nami nikamshikia. Siku ya mashindano upande wa pili walibaki chatu na mwenye chatu. Babu mwenyewe nilimwona nyuma ya watu, amepanda juu ya kinu ili aone vizuri.

Sasa mimi ndiye bibi, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia. Mjukuu wangu Kabula anakaa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Ameunda sanamu ya mchimbaji mrefu kuliko mlango, kwa viroba vya mawe, mipira iliyochakaa ya kupeleka hewa shimoni na kofia kuukuu za wachimbaji. Ukivuta kamba anainama, kifua kinapanda na kushuka. Alitaka kumleta kwenye ngoma za mwaka huu, wazee wa kamati wakamkatalia.

"Hizo taka za machimbo, si mila," wakasema, kisha wakanigeukia. "Mama Masele, tuletee ile ndege ya marehemu baba yako. Ile ndiyo mila."

Nikaileta. Nikawaonyesha bawa lenye kovu. "Pigo hili la shoka ni la mzee kama ninyi," nikawaambia, "kwa maneno hayohayo."

Mmoja wao akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba aone huyo mchimbaji anavyopumua.

Kabula alicheza, uwanja ukajaa. Mimi naona baba alirithi ngoma pamoja na ujasiri wa kuzitia kitu chake, na Kabula kavirithi vyote viwili. Ndege ni mti tu, nimeitundika tena ukutani. Iko siku, nikiwa sipo, wazee watamwambia msichana fulani aachane na vitu vyake vya ajabu, alete mchimbaji wa Kabula. Namwombea asiwasikilize.