Likizo ya Chini ya Maji

Mdogo wangu anaishi Ubelgiji, anatunza wazee, na kila akipata likizo huenda kupiga mbizi. Majirani zangu wa hapa Kalemie, kando ya ziwa, hawakunielewa nilipowaambia. Ilibidi nieleze kwamba anafunga chupa ya hewa mgongoni, anashuka chini ya bahari kutazama samaki, halafu anapanda juu kwenda kula. Wakaniuliza kama huko Ulaya hakuna soko la samaki.

Mwaka jana akaniita na mimi. Alituma ujumbe wa sauti, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, unisikilize muzuri. Utakuja kupumuzika. Tutashuka pamoja chini ya maji, hakuna kuogopa, mwenye kufundisha atakukamata mukono." Tungekutana kwenye kisiwa kinachoitwa Malta. Nilikitafuta kwenye simu, nikakiona kama punje iliyodondoka katikati ya bahari. Nikajibu sawa. Siku hizo nilikuwa nikijibu sawa kwa kila kitu. Nimekula? Sawa. Nimelala? Sawa.

Mume wangu alichukuliwa na ziwa mwaka juzi, mwezi wa saba, akitoka Moba na magunia ya maharage. Upepo wa kusini uliikuta boti katikati. Wengine walipatikana, yeye hakupatikana. Ukoo ukafanya kama ilivyo desturi kwetu: walikata shina la mgomba, wakalifunga shuka lake, wakalizika. Watu wanasema nililia sana siku ile. Mimi nakumbuka tu kwamba shina lilikuwa likitoa maji na shuka likalowa. Baada ya hapo moyo ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Nilitembea, niliuza vitenge sokoni, nilicheka panapotakiwa kicheko.

Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Mama mkwe wangu, ambaye naishi naye, ndiye aliyekataa. Alisema mgomba si mwanawe. Kwa hiyo niliendelea kuvaa nguo nyeusi, na sikuruhusiwa kuingia ziwani hata kuosha miguu. Ziwa lenyewe halifichiki, ukitoka sokoni unaliona lote. Mimi nilikuwa nikishuka huku nikitazama pikipiki ili nisilione.

Sasa kwa nini nilikubali safari ya maji? Mdogo wangu alidhani ni kupumzika, nami nikamwacha adhani hivyo. Ukweli sikumwambia mtu. Nilitaka kujua kule aliko mume wangu kukoje. Nilitaka kushuka nikiwa hai, nifumbue macho, nione kama mwanga unafika. Niliwaza kwamba nikishajua hilo, pengine nitaweza kulala tena upande wake wa kitanda. Hiyo ndiyo haja yangu yote kwa Malta, samaki wao wabaki nao.

Tukaanza kupanga. Mdogo wangu alinipa mazoezi: nijaze beseni maji, nitumbukize uso, nitoe pumzi polepole. Nikawa nafanya hivyo uani kila nikirudi kutoka sokoni, mama mkwe akiwa pembeni anachambua ndakala, dagaa wake.

"Unatafuta nini mule?" akaniuliza.

"Ninajifunza kupumua, Mama."

"Na ile unapumua kila siku, nani alikufundisha?"

Nikarudisha uso ndani ya beseni.

Kisha ikaja picha ya vazi la kuzamia. Ni la mpira, linabana mwili wote kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilijua safari imeishia hapo, maana mama mkwe hajawahi kuvumilia hata suruali. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole kama alivyoonyeshwa na wajukuu zake, akaitazama weee.

"Ni nyeusi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi ni ya matanga. Na bahari si ziwa yetu. Hakuna kosa."

Nadhani mimi ni mjane wa kwanza mji huu kuruhusiwa kuomboleza ndani ya mpira. Jambo lile lingenichekesha zamani. Nilimshukuru, nikaenda kupika.

Kilichobaki ni kuchagua mwezi. Mdogo wangu alisema mwezi wa saba, na hapo, kwa mara ya kwanza, sikujibu sawa. Mtoto yeyote wa hapa anajua kwamba kiangazi maji hayachezewi. Ndipo upepo wa kusini unapoamka, na wavuvi wenye akili huvuta mitumbwi yao hadi mchangani. Nikamwambia aweke mwezi wa kwanza, wakati wa mvua, maji yakiwa yametulia. Nikamwuliza kama Ulaya imemwosha kichwa hata amesahau jambo dogo kama hilo, yeye aliyekulia hapahapa. Jibu lake liliingia mama mkwe akiwa karibu, nami sikupunguza sauti ya simu.

"Yaya, ile ni ya ziwa yetu. Huku njo kinyume. Mwezi wa kwanza iko baridi na mawimbi, ata wenye kufundisha wanafunga. Mwezi wa saba njo maji inalala. Inatulia kama mafuta ndani ya sufuria, unaona mpaka chini."

Mama mkwe aliacha kuchambua ndakala.

"Rudisha ile sauti," akasema. Nikairudisha. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwezi wa saba?"

"Ndiyo, Mama."

"Na maji inalala?"

"Njo vile anasema."

"Basi wanawake wa kule, bwana zao wanarudi mwezi wa saba."

Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Muda wote nilikuwa nimejiambia kwamba mwezi wa saba ndivyo ulivyo, kwamba maji yote ya dunia huwa vile, hakuna wa kumlaumu. Kumbe kuna maji mengine ambayo mwezi uleule, labda saa ileile, yalikuwa yamelala, na watu wako kando yake wanaota jua. Niliyachukia maji yale ambayo sijayaona. Niliigeuza simu kifudifudi.

"Umuambie mwezi wa saba," mama mkwe akasema.

"Mama, mimi siwezi tena."

"Umuambie. Ukifika kule chini, usitoke mbio. Utulie kidogo. Uangalie kama muntu anasikia baridi." Alijifuta magamba kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Alitoka hapa na shati tu."

Kumbe na yeye alikuwa na swali lake, na tulikuwa tumekaa na maswali yetu uani siku zote hizo, kila mtu na la kwake. Nililia. Nililia kwa sauti kilio cha msiba chenyewe, hadi majirani wakachungulia juu ya ukuta kuuliza nani amekufa. Mama mkwe hakuwajibu, wala hakunibembeleza. Alikuwa akingoja jibu langu.

"Nitaangalia, Mama," nikamwambia.