Kidimbwi cha Mama Otilia

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo mama mkwe wangu aliingia chumbani kwangu, akaegemeza jembe kwenye kitanda, akaniambia niamke nikamsaidie kuchimba.

Nilikuwa bado mke mgeni hapa Matogoro. Kwetu ni Madaba, na Kastori alikuwa amenioa siku si nyingi. Mtoto wetu wa kwanza nilimzika bila kumsikia akilia. Nilishikwa na malaria mimba ikiwa kubwa, na homa ile ikaondoka naye. Wanawake wa jumuiya walikuja, wakasali rozari, wakanipikia, kisha wakarudi makwao kama ilivyo kawaida. Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kulala tu. Kastori aliniletea chai, ikapoa. Alinisemesha, nikageukia ukuta. Maskini, naye alikuwa amefiwa, lakini mimi sikuliona hilo.

Mama Otilia, mama mkwe wangu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakuniambia nisilie, wala hakuniambia kwamba Mungu atanipa mwingine. Alinitoa nje kwenye ule ubaridi wetu wa Julai, ukungu bado umefunika vilima, akanionyesha mahali nyuma ya jiko, penye maboga, akasema tuchimbe hapo. Nikamwuliza tunachimba nini. Akasema kidimbwi. Sikuwa na nguvu ya kuuliza zaidi.

Tulichimba polepole, mwanangu. Siku nyingine nilipiga majembe machache nikakaa chini, naye akakaa pembeni yangu, tukatafuna muhogo. Tulipofika kina cha magoti alinituma bondeni kuchota udongo wa mfinyanzi, tukaumwaga ndani na kuukanyaga kwa miguu mpaka ukashikana ukawa kama sakafu. Kastori akaja kuchungulia, akauliza kama mama yake anataka kufuga samaki. Mama akajibu hapana. Akauliza basi ni cha nini. Mama akasema ni cha watakaokuja. Kastori akanitazama, akacheka kidogo, nami kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikacheka naye.

Mvua zilipoanza, maji ya kwenye bati tuliyaelekeza pale kwa kamfereji. Kidimbwi kikajaa maji mekundu kama chai ya rangi, na hapakuwa na chochote ndani yake. Nilienda kukitazama kila asubuhi, nikarudi nimenuna. Mwisho nikachukua ndoo ili niteremke mtoni nikakamate viluwiluwi nije kuwamwaga humo. Mama Otilia akanikuta getini.

"Rudisha ndoo," akasema. "Wakija wenyewe watakaa. Ukiwaleta kwa nguvu, utakuwa unawafunga."

Nikarudisha, ingawa kwa kununa. Wakati huo sikujua kama alikuwa anasema habari za vyura tu au na habari zangu mimi, kwa maana hata mimi hakuna aliyenivuta. Nilipewa jembe, nikaachwa nije mwenyewe.

Nao wakaja. Kwanza kereng'ende, wale wekundu, wakawa wanagusa maji kwa mikia na kuruka. Halafu jioni moja chura mmoja akalia, akanyamaza kama anayesikiliza atajibiwa, na kesho yake wakawa wengi hata tukashindwa kusikilizana mezani. Magimbi tuliyopanda ukingoni yakatanua majani, na mdiria akapata ufito wa kukalia, ndege mdogo mwenye bluu ambayo hata kanga hazina. Nikawa naamka mapema, nachukua kikombe changu cha uji, nakaa pale kabla ya kufagia. Siku moja nililia hapo mpaka nikamaliza. Mama Otilia alikuwa anapalilia karibu, akaendelea kupalilia. Nilipomaliza akanipa pindo la kanga yake nijifute.

Basi, mwanangu, utaelewa nilikipenda vipi kile kidimbwi.

Mwaka uliofuata nikapata mimba tena. Kule kliniki muuguzi alituzungumzia habari za mbu na maji yaliyotuama, akasisitiza nilale ndani ya chandarua. Kastori alikuwa amenisindikiza, akayasikia yote. Tulirudi kwa miguu. Tulipofika nyumbani akasimama nyuma ya jiko, akasema kidimbwi kifukiwe.

Nikamwambia hakifukiwi. Nikamwambia viluwiluwi na watoto wa kereng'ende wanakula mabuu ya mbu, nimewaona kwa macho yangu. Akasema huenda ni kweli, lakini yeye hawezi kulala akiyasikia maji yale. Nikamwambia hajui kidimbwi kile ni nini kwangu. Akasema mimi ndiye nisiyejua yeye ana hofu gani. Usiku ule hakula, na mimi sikumbembeleza ale. Zikapita siku tunapishana mlangoni kama wapangaji. Moyoni nilikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba Mama Otilia atakuwa upande wangu. Kidimbwi kilikuwa chake.

Asubuhi moja nikasikia koleo. Nikatoka, nikamkuta Mama Otilia amekwisha kukata ukingo wa chini, maji yanateremka kuelekea bondeni, naye ameinama na sufuria yake ya kupikia maharage, anachota viluwiluwi mmoja mmoja kutoka kwenye matope. Nusu ya shimo alikuwa amekwisha kulirudishia udongo. Jasho lilikuwa linamtiririka pamoja na baridi ya asubuhi.

Nikamwuliza kwa nini, huku nalia. Nikamwambia, "Mama, hata wewe?"

Akanyanyuka, akajishika kiuno.

"Shimo hili nililichimba ili uinuke," akasema. "Umeinuka. Vyura nitawapeleka mtoni, watazaa. Lakini mkiendelea kununiana ndani ya nyumba hii, huyo mtoto mtamzalia wapi?"

Kastori alikuwa ametoka, amesimama nyuma yangu na fulana yake ya kulalia. Alimwangalia mama yake pale kwenye matope, akaenda akamnyang'anya koleo taratibu, lakini hakuanza kufukia. Aliliweka chini. Akachukua ndoo, akaingia shimoni bila kukunja suruali, akaanza kuokota viluwiluwi pamoja naye. Nikashika sufuria. Tukateremka mtoni sote watatu, tukawamwaga mahali penye maji yaliyotulia, na njiani kurudi Kastori akanishika mkono mbele ya mama yake, kitu ambacho vijana wa wakati ule hatukukifanya.

Kidimbwi kilifukiwa, mwanangu. Sitakudanganya. Pale tukapanda mchicha. Kulikuwa kimya sana jioni, na nilikuwa nasikitika, lakini Kastori alilala. Mtoto wa kike akazaliwa salama na sauti kubwa ya ajabu. Tukamwita Gaudensia, maana yake furaha.

Gaudensia alipofika umri wa kutumwa dukani, Kastori mwenyewe ndiye aliyechukua jembe. Akachimba kule chini kwenye mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, mbali na madirisha, akazungushia uzio wa mianzi. Magoti ya Mama Otilia yalikuwa yamekwisha kuchoka, akakalia kigoda na kutuamrisha kama bwana shamba, udongo ule weka huku, ukingo huu teremsha. Msimu ule wa mvua vyura wakaja wenyewe, naye aliwahi kuwasikia misimu mingi kabla hajatutoka.

Nakuambia haya kwa sababu juzi ulinionyesha bustani yako, nzuri kweli, na nimesikia pia kwamba wewe na mwenzako hamsemeshani kwa ajili ya ule mti mnaobishania. Lima, mwanangu. Weka maji, acha kichaka kidogo kisifyekwe, kaa kimya uwaone wanaokuja. Usiwe na haraka nao. Lakini anayeishi nawe akikuambia ana hofu, weka jembe chini umsikilize mpaka amalize, hata kama unaona amekosea. Bustani inaweza kusubiri, na udongo haununi.

Mungu aliyekupa kiwanja akupe na mtu wa kukaa naye ukingoni. Mvua zikufikie kwa wakati, watoto wako wakue wakijua majina ya ndege, na nyumba yako isikose sauti za watu jioni. Nenda sasa, mwenzako anakusubiri.