Tanbihi ya Marehemu wa Izigo

Saa mbili asubuhi Paskazia Mwijage anafungua dirisha la chumba chake nyuma ya duka la vitambaa mjini Bukoba, anaondoa shuka linalofunika taipureta, kisha anachukua kazi ya mteja na kuifungua kwa nyuma. Anaanza na ukurasa wa mwisho. Anataka kuona marejeo.

“Mbele watu wanajipamba,” anasema. “Huku nyuma ndiko unakomjua mtu.”

Paskazia ana miaka thelathini na minane, anaishi Buhembe, na anapiga chapa kwa shilingi thelathini kwa ukurasa. Wateja wake ni wanachuo, makarani wa parokia, na watafiti ambao tangu ugonjwa uingie mkoani hawaachi kuja, kila mmoja na daftari lake. Kwa hesabu yake amekwisha kupiga chapa kazi thelathini na moja zinazohusu ukimwi.

Wengi wanamwona msumbufu. Mwandishi wa makala haya alimpelekea kurasa nne akarudishiwa mbili, kwa sababu alikuwa amenukuu “wataalamu” bila kusema ni wataalamu gani, wala walisema wapi. Iliuma, lakini mama wa watu alikuwa na haki.

Usumbufu huo aliupata wakati wa vita vya Kagera. Mwaka 1979 aliajiriwa kwa miezi saba kupiga chapa orodha za watu waliokimbia makwao ng'ambo ya mto Kagera: nani kapoteza nyumba, nani ng'ombe, nani mtoto. Msimamizi wake, mzee Bartholomayo, hakukubali mstari wowote usio na jina la aliyetoa habari.

“Siku moja nikapiga ‘ng'ombe kumi na wawili wameibwa’,” anakumbuka. “Mzee akauliza, aliyewahesabu nani? Nikasema, watu wanasema. Akaichana karatasi mbele yangu. Na siku zile karatasi ilikuwa adimu kama sukari.”

Ndiyo maana Agosti mwaka huu wa 1992, Damian Karugendo, mwanachuo wa ualimu, alipomletea kazi yake ya utafiti kuhusu yatima wanaoacha shule katika kata ya Izigo, wilayani Muleba, Paskazia aliifungua kwa nyuma kama kawaida. Tanbihi ya tisa ikamsimamisha. Ilisema: “Mahojiano na Mzee Lwakatare, Izigo, tarehe 14 Juni 1992.”

Lwakatare alikuwa ndugu wa ukoo wake. Walimzika Machi. Paskazia mwenyewe alilala matangani siku nne.

“Nikamwambia, mwanangu, wafu hawahojiwi Juni,” anasimulia, bila kucheka.

Damian, kijana mpole mwenye miaka ishirini na mitatu, hakubisha. Alieleza kwamba maneno yale aliyasema Kokubanza, mjane wa Lwakatare, ila aliona vibaya kumtaja. Jina likishaingia kwenye karatasi inayohusu ugonjwa huu, kijijini watu wanaikwepa nyumba ya mwenye jina. Hawaposi hapo, hawaombi hata moto.

“Marehemu hana cha kupoteza,” Damian anasema. “Darasani kwetu wengi tumefanya hivyo. Mwenzangu mmoja ana wahojiwa sita, na wote wako makaburini. Tuliona ndiyo heshima.”

Kazi ilitakiwa chuoni baada ya siku tisa. Bila kazi hiyo Damian asingepata cheti. Paskazia alikataa kuipiga chapa. Alimweleza kwamba mhojiwa anayehitaji kufichwa anafichwa waziwazi: unaandika “mjane, Izigo”, unaweka tarehe ya kweli, na jina unabaki nalo kwenye daftari lako. Kumvika mtu mwingine maneno yake ni jambo jingine kabisa.

“Halafu nikamuuliza, huyo mama ulimuuliza kama anataka kufichwa? Akasema hapana, aliona haya. Basi nikafunga chumba. Tukaenda.”

Walipanda basi Jumamosi. Walimkuta Kokubanza kwenye kibanja chake akitandaza nyasi chini ya migomba, na binti yake Georgina, mwenye miaka kumi na mitano, akipukuchua maharage uani. Wageni walipewa kahawa ya kutafuna, wakasalimiana kwa kirefu kama ilivyo desturi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kusema kilichowaleta. Mwishowe Paskazia alimtaka Damian asome.

Alisoma maneno yaliyowekewa tanbihi ya tisa: “Watoto hawa hawaachi shule kwa ajili ya ada tu. Wanaacha kwa sababu saa nne, wenzao wakitoka kula, hakuna anayekubali kukaa nao.”

Kokubanza alitikisa kichwa kukubali. Ndivyo alivyosema. Kisha Damian akamweleza ni nani aliyeandikwa kuwa msemaji.

Kokubanza aliinamisha kichwa. Paskazia alidhani mama yule analia. Kumbe alikuwa amekasirika.

“Lwakatare?” aliuliza Kokubanza. “Georgina alipoanza kukaa peke yake, Lwakatare ndiye aliyemtoa shule. Nilimpigia magoti, waitu jamani, akasema msichana anatosha kujua kulima. Leo mmechukua maneno yangu mmempa yeye?”

Damian aliomba radhi, akasema alitaka kumlinda.

“Ulinilinda na nani?”

“Na watu, mama.”

“Watu wanajua. Mume wangu alikonda miaka miwili hapa barabarani. Hiyo karatasi wanasoma akina nani?”

“Walimu.”

“Basi hao ndio niliotaka wanisikie,” alisema Kokubanza. “Andika jina langu lote. Mwalimu wa hapa akilisoma, ajue ni mtoto wa nani aliyekaa peke yake saa nne.”

Kabla hawajaondoka alimwita Georgina, akamuuliza kwa Kihaya kama na yeye anakubali. Binti alifikiri, kisha akasema jina la mama yake liandikwe, lake bado. Damian aliandika hivyohivyo. Kwenye kazi iliyopelekwa chuoni, tanbihi ya tisa inamtaja Kokubanza, na binti ni “mwanafunzi wa zamani, darasa la sita”.

Siku tano zilizobaki hazikutosha. Tanbihi nyingine nne zilikuwa za marehemu, na kila moja ilitaka safari yake. Wawili waliohojiwa walichagua kufichwa, mmoja alifuta maneno yake yote, na wa nne alikubali kutajwa. Damian alichelewa siku sita akakatwa alama kumi. Amefaulu kwa shida. Analalamika kidogo, na Paskazia anamwacha alalamike.

Wateja watatu wa darasa lile wamehamia kwa mpiga chapa mwingine, asiyesoma kurasa za nyuma.

Mwandishi alimuuliza Paskazia kuhusu maisha yake mwenyewe. Ni mjane. Mumewe, Mashauri, alikuwa mchuuzi wa samaki, akienda visiwani kwa majuma, na alifariki Novemba 1988. Watafiti wanne wamewahi kumwomba mahojiano wakiwa palepale kwenye kiti cha wateja. Wote aliwakatalia. Kwa nini mumewe alifariki? “Malaria,” alijibu upesi, akaingiza karatasi kwenye mashine.

Hayo yalikuwa Jumatatu. Jumatano mwandishi alirudi kumwonyesha habari hii kabla ya kuipeleka mhariri, akamwambia kwamba akipenda jina lake litabadilishwa, kama magazeti yanavyofanya siku hizi kwa wajane. Paskazia aliisoma yote, kwa mara ya kwanza akianzia mbele. Alipofika kwenye neno malaria alichukua kalamu, akalikata, akaandika juu yake: ukimwi.

“Jina liache,” alisema. “Paskazia Mwijage, wa Buhembe.”

Akairudisha kalamu mezani.

“Ila naomba msitoe habari hii wiki hii. Wanangu wawili wako bweni, wanakuja Jumapili. Wanachojua ni malaria, na aliyewaambia ni mimi. Nataka kuwapikia, wale washibe, kisha niwaambie mwenyewe. Mkitoa Jumatatu, hapo sawa.”

Gazeti limesubiri. Leo ni Jumatatu.