Mwenye Bucha na Korongo

Daktari alimwamuru mwenye bucha apumzike, maana presha yake ilipanda hadi muuguzi akapima mara mbili. Mkewe akamburuta hadi kando ya ziwa, akasimamisha hema na kumkabidhi darubini.

"Baba watoto, kazi yako hapa ni kutazama ndege tu. Ukipandisha presha tena, utaniachia ujane."

Kazi ikamnogea. Asubuhi nzima alimtazama bata mwitu akiogelea na vifaranga wake, akampa kila mmoja jina la utani. Yule wa mwisho, mvivu aliyejaa maringo, akamwita Meneja.

Korongo alikuwa kwenye matete, kasimama kama mlinzi aliyesinzia. Akanyoosha shingo mara moja tu. Meneja akamezwa mzimamzima, miguu ikirusha mateke.

Darubini ilimponyoka mwenye bucha.

"Kammeza! Mama watoto, kammeza hai, mamake anaona!"

"Makubwa! Si wewe unayechinja kila siku?"

"Mimi? Mimi hata mbuzi simchinji mbele ya mwenzake! Nampeleka nyuma ya ukuta, nambembeleza kwanza. Huyu hana hata haya!"

Mkewe akamshika shingo. Mshipa ulikuwa unadunda kama ngoma.

"Tunarudi mjini. Sitaki kukuzika kwa ajili ya bata."

"Siondoki! Nani atawalinda waliobaki?"

Mke akasalimu amri, akapakua chakula. Mwenye bucha akaketi ukingoni akimkodolea macho korongo, jiwe mkono mmoja, paja la kuku mkono wa pili. Na kwa kila tonge la nyama alilomeza, mshipa ukatulia kidogo.