Dawa ya Mbuzi Niliyompelekea Wifi

Kabla ya kuumwa nilikuwa mchoma vitumbua hapa Amani. Alfajiri watu walikuwa washajaa mlangoni kwangu. Mume wangu, Hamadi, alifuga mbuzi wanne uani. Maisha yetu ndiyo hayo, na sikuyalalamikia.

Corona ilinianza kwa homa na maumivu ya mgongo. Nikapoteza harufu, hata ya iliki. Simu zilijaa habari za dawa ya minyoo inayoua virusi. Ya watu hatukuwa nayo, ya mbuzi tulikuwa nayo. Nikainywa siku tatu. Niliharisha, miguu ikatetemeka, macho yakaingia ukungu. Kifua kikabana mpaka nikashindwa kusema.

Hamadi akanikimbiza hospitali. Nikawekewa oksijeni siku tisa. Daktari aliniambia, "Bi Rukia, hii ni dawa ya minyoo, tena ya mnyama. Haikuiponya corona, umejitia sumu tu."

Nilirudi hai, alhamdulillahi. Lakini nani angenunua vitumbua vya mgonjwa wa corona? Tulikuwa tumewaambia watu kuwa nina homa tu, nimekwenda Mangapwani kupumzika. Waliponiuliza nimepona na nini, nikajibu: dawa ya mbuzi, maana ningetaja hospitali na oksijeni wangejua ni corona. Niliuona uongo mdogo.

Kisha akaugua kama mimi wifi yangu Mwanaisha, dada yake Hamadi, huko Makunduchi. Akanipigia simu.

"Wifi, ile dawa iliyokuponya imebaki?"

"Imebaki nusu chupa. Nnakuletea."

Nilipaswa kumwambia aende hospitali. Nikaona haya. Nikaipeleka kwa mkono wangu. Akaitegemea siku tano, na walipomtoa kumpeleka hospitali, alifia njiani.

Matangani mavyaa, mama mkwe wangu aliyemzaa Mwanaisha, alinishika mikono yote miwili. "Mungu akulipe, mwanangu. Wewe ndiye uliyemletea dawa."

Nikaitikia, "Amin." Mpaka leo najichukia kwa amin ile.

Namshukuru Mungu kwa pumzi hii, na nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani kama mtoto mchanga. Ndugu yangu unayesoma, ukibanwa na kifua nenda hospitali mapema. Na ukipona, sema kweli kilichokuponya, hata kama biashara itakufa. Yangu ilikufa, na bado nakula.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda Makunduchi nikamweleza mavyaa yote. Akaniangalia usoni, akauliza:

"Na siku ile unampelekea, ulikuwa unajua kuwa haiponyi?"

"Naam, mama. Nlikuwa nnajua."