Moshi wa Arobaini

Binti yangu alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na kila akilala alisahau kupumua. Sitii chumvi. Kifua kilisimama, midomo ikabadilika rangi, nami nahesabu moja, mbili, tatu, mpaka nimtekenye unyayo ndipo avute pumzi na kuendelea kulala kana kwamba hakuna lililotokea. Daktari alinieleza kwamba watoto njiti wengi huwa hivyo, ubongo bado haujakomaa, na kwamba itapita. Nimlaze chali, nisimfunike uso, na asivute moshi wa aina yoyote. Ilipita kweli, baada ya wiki kadhaa, lakini alilisema neno hilo kwa wepesi wa mtu anayelala akashiba usingizi.

Nilikuwa kwa mama, Langoni, ndani ya arobaini yangu. Kwetu mzazi na mtoto hufukizwa asubuhi na alasiri, ubani juu ya makaa, mlango umefungwa. Mama alikuwa amewafukiza dada zangu wote na wana wao, na chetezo chake alikiamini kuliko dawa ya hospitali. Habari ya kumlaza chali nilimwambia. Ya moshi niliona haya. Ningeanzaje kumwambia mama kwamba anakosea? Nikawa namlaza mtoto karibu na dirisha, nikajidanganya kuwa yametosha. Ujinga wangu, na uchovu. Hata siku ya juma nilikuwa siijui.

Alasiri moja, moshi umetanda, pumzi zikakatika. Nikamtekenya unyayo, wapi. Nikamwinua, nikamsugua mgongo, huku nalia na kumwambia mama kwamba daktari alikataza moshi. Mwisho akakohoa, akalia.

Mama alikuwa ameshakitoa chetezo nje na kufungua mlango. Nilingoja anigombeze, na nilistahili. Akaketi kitandani, akaweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akakiacha hapo mpaka midomo iliporudia rangi yake.

"Kabla yako nalizaa mwana wa kiume," alisema. "Alilala usingizi wa mtana, hakuamka."

Habari za kaka huyo nilizijua kidogo. Tuliambiwa ni amri ya Mungu, basi.

"Na yeye nalimfukiza," mama akasema. "Ni moshi?"

Nilimwambia si moshi. Sikuwa najua, na hata leo sijui.